Nimefundisha vijana wakaondoka na wateja wangu. Je, niache kutoa nijisomee mwenyewe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi magari hapa Dodoma, nina miaka 38. Niliishia kidato cha nne, nikapata sifuri, ufundi nimejifunzia gereji. Nimefundisha vijana wanne bila kuwatoza hata senti. Watatu wameondoka, na mmoja wao kafungua gereji mtaa wa pili, wateja wangu kadhaa wamemfuata. Ndugu nao wananitegemea, kila mwezi kuna michango na ada za watoto wao. Nasikia watu wakisema anayependa kujifunza na kutoa hufanikiwa. Mimi natoa sana lakini sisogei. Natamani kwenda chuo cha ufundi cha VETA, mke wangu anakubali, ila kaka yangu anasema nimeshachelewa. Pia nimeahidiwa mkopo wa kununua mashine ya kupimia magari. Nishauri.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako wananiuliza wengi katika madarasa ya watu wazima: mama lishe, mafundi cherehani, makarani, hata walimu wenzangu. Wanatoa mpaka wanachoka, kisha wakimwona mchoyo wa mtaani anapandisha ukuta wa nyumba wanaanza kujiuliza kama utu una faida yoyote.

Usiache kufundisha vijana. Hilo naliweka mbele kabisa ili usome mengine ukijua msimamo wangu. Lakini nami nina swali kwako: mara ya mwisho wewe mwenyewe kujifunza jambo jipya la kazi yako ilikuwa lini? Barua yako imetaja kila ulichotoa. Haikutaja hata kitu kimoja ulichojifunza miaka hii ya karibuni. Nadhani kidonda kiko hapo. Kijana akikaa kwako miaka mitatu akakufikia, maana yake yeye alikuwa anapanda na wewe umesimama. Siku akikufikia, mteja hana tena sababu ya kuipita gereji yake aje kwako, hasa kama yuko jirani na bei yake ni nafuu. Fundi anayeendelea kujifunza, vijana wake huondoka na yale ya mwaka juzi, na yeye anabaki na ya mwaka huu. Huyo anaweza kufundisha bila hofu.

Kazi yako ni mfano mzuri wa hili kuliko kazi nyingi. Fundi aliyejifunza kwenye kabureta alikuwa anasikiliza injini, ananusa moshi, anakaza skrubu, gari linatulia. Kisha zikaja sensa, yaani vifaa vinavyopima hali ya injini, na kompyuta. Marekani ililazimisha magari madogo yote kuanzia toleo la mwaka 1996 yawe na mfumo wa pamoja wa kujipima, wenye tundu moja la kuchomekea mashine na lugha moja ya kodi za hitilafu, yaani namba zinazotaja tatizo. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Mwaka 1997 Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani, na leo magari ya haiburidi, yanayotumia petroli pamoja na betri kubwa, yako barabarani kwetu. Kwenye Prius ya kizazi cha pili betri kubwa ina volti zaidi ya 200, na nyaya zake zimevishwa rangi ya machungwa ili fundi ajue kwamba hapa hapaguswi kwa kubahatisha. Ufundi wa kujaribujaribu, ambao ndio tuliorithi wengi wetu, hapo unaua mtu. Kwa hiyo kujifunza maisha yote kwako si pambo la hotuba za mahafali. Usipojifunza, magari unayoyaweza yatakuwa yanapungua barabarani mwaka hadi mwaka.

Sasa nije kwenye kufundisha, kwa sababu naona umekuhesabu kama hasara tupu, na hapo sikubaliani nawe.

Chukua gari aina ya IST limekuja linatetemeka, taa ya injini imewaka. Unachomeka mashine, inaleta P0301, yaani silinda namba moja haichomi vizuri. Fundi wa haraka anamwambia mteja anunue koili mpya, kile kifaa kinachoipa plagi umeme. Wewe, kwa uzoefu wako, huenda unaitoa koili ya namba moja, unaihamishia namba tatu, unafuta kodi, unawasha tena. Kodi ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, koili haina kosa, sasa unahamisha plagi, kisha unaangalia nozeli, kisha unapima kompresheni. Mikono yako inafanya hivyo bila kufikiri. Lakini siku kijana akikuuliza, “Bosi, kwa nini tunahamisha, si tununue tu mpya?” unalazimika kuyapanga hayo yote kichwani na kuyasema kwa mpangilio. Akiuliza tena, “Na kama zote nne zinaleta kosa?” unaweza kujikuta huna jibu. Swali hilo ndilo la kwenda nalo nyumbani usiku. Umelipewa bure na mtu uliyedhani anachukua tu.

Hili wataalamu wa elimu wamelipima. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari mbili za kusoma. Moja wakairudia kuisoma, ya pili wakaifunika na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Waliopimwa baada ya dakika tano waliikumbuka zaidi ile waliyoirudia kuisoma. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: ile waliyojikumbusha bila kutazama walibaki na asilimia 56 yake, ile waliyorudia kusoma asilimia 42. Mwaka 2014 watafiti wengine, akiwemo Nestojko, waliwaambia watu nusu kwamba wakimaliza kusoma watamfundisha mtu, na nusu kwamba watapewa mtihani. Wote walipewa mtihani, hakuna aliyefundisha. Bado waliotegemea kufundisha walikumbuka zaidi na kupanga mawazo yao vizuri zaidi. Kufundisha, na hata kujiandaa tu kufundisha, kunamkamilisha anayefundisha.

Kwa hiyo nataka uanze jambo moja. Nunua daftari kubwa lenye jalada gumu liwe la gereji. Kila gari lililokusumbua andika: aina na injini, mteja alilalamika nini, mashine ilisema nini, mlijaribu nini na nini, hatimaye ilikuwa nini. Andika kwa Kiswahili chako cha gereji, usijisumbue na lugha ya vitabu. Halafu Jumamosi jioni, kazi zikitulia, kaa na vijana, chagua gari moja la wiki hiyo, usifungue daftari, waeleze kwa kichwa. Kisha fungua mwangalie pamoja mlichosahau. Mwezi unaofuata kijana ndiye aeleze, wewe umuulize. Utakuwa unafundisha na unajisomea kwa wakati uleule, bila kutoka gerejini. Na daftari hilo litakufaa mahali pengine nitakapopataja hapa chini.

Pamoja na hayo, kuna namna ya kutoa inayomrudisha mtu nyuma, na nahisi sehemu ya utoaji wako ni ya namna hiyo. Mtafiti Francis Flynn alichapisha mwaka 2003 utafiti wake juu ya wahandisi 161 wa kampuni moja kubwa ya simu nchini Marekani. Aliangalia nani anamsaidia nani kazini na mara ngapi. Waliosaidia wenzao sana bila wao kuomba msaada waliheshimika, lakini kazi zao wenyewe zilizorota. Waliofanikiwa kote kuwili, heshima na kazi, ni wale waliokuwa wanasaidiana mara kwa mara: leo nakusaidia, kesho nakuomba. Nilipousoma niliwakumbuka watu wengi ninaowajua, na barua yako imenikumbusha tena. Wewe unatoa, lakini unaona haya kuomba.

Yule kijana wa mtaa wa pili, kwa mfano. Umemwandika kama mtu aliyekuibia. Sikatai kwamba inauma, kumkuta mteja wa miaka mingi kaegesha gari kwake. Lakini wateja hao walimwona anafanya kazi kwako na mikono yake wakaiamini. Wewe ndiye uliyeitengeneza mikono hiyo. Sasa jiulize yeye anaweza nini kuliko wewe. Kama ni mzuri wa gia boksi, mpelekee gia boksi zako. Yeye akipata tatizo la umeme lililomshinda akuletee. Mfuate, msalimie, ongeeni kama mafundi wawili. Mwombe kitu. Najua heshima ya mwalimu kumwendea mwanafunzi wake ni nzito kwetu, ila nimeona mafundi wakifanya hivyo na kazi zikaongezeka pande zote mbili. Mteja mwenyewe hufurahi kuambiwa ukweli kwamba hii kazi kuna mtu anaijua zaidi yangu.

Kwa vijana watakaokuja baadaye, weka makubaliano kwenye karatasi, na mzazi au mlezi awepo. Muda wa kukaa, kwa mfano miaka miwili. Atafundishwa nini mwaka wa kwanza na nini wa pili. Nauli na chakula nani anatoa. Ada ndogo ya ufundi, au badala yake miezi kadhaa ya kukufanyia kazi kwa posho baada ya kuiva. Siku ya kumaliza, muage mbele ya wenzake, umpe hata spana seti moja. Serikali nayo ina mafunzo ya uanagenzi ambayo kijana anagawana muda kati ya chuo na mahali pa kazi, kwa hiyo jambo la kuandikiana si geni. Wengine huona kuandikiana ni kukosa utu. Mimi naona kinyume chake: kijana aliyeandikiwa anajua thamani ya anachopewa, na wewe huna kinyongo naye akiondoka, kwa sababu mlikubaliana ataondoka.

Upande wa fedha na ndugu nitasema machache, maana unajua familia yako kuliko mimi. Waangalie akina mama wa vikoba. Kwenye mkutano wao kila mmoja ananunua hisa zake, na kando kabisa anachangia mfuko wa jamii, kiasi walichokubaliana, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Fedha hizo hazichanganywi na hisa. Akifiwa mtu anapewa kutoka mfuko wa jamii, hakuna anayevunja hisa zake. Hata dini zetu zimeweka kipimo: zaka ya fedha ni asilimia 2.5, wengine wana fungu la kumi. Hakuna aliyeambiwa atoe mpaka mtaji uishe. Fanya hivyo nyumbani kwako na mkeo: fungu la kujifunza, fungu la ndugu, kila mwanzo wa mwezi, kabla kadi za michango ya harusi hazijaanza kuingia. Fungu la ndugu likiisha, limeisha, na useme hivyo bila ukali. “Mwezi huu nimefika mwisho, kaka, tuangalie mwezi ujao.” Na usione aibu kutoa kidogo. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walipewa dola 5 au dola 20 asubuhi, wengine watumie kwa ajili yao, wengine kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi, na hapakuwa na tofauti kati ya aliyepewa 5 na aliyepewa 20. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kaka yako anasema umechelewa. Mheshimu, lakini hapo hana ushahidi. Madereva wa teksi wa London lazima wakariri mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni, kazi inayochukua miaka mitatu minne. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walichapisha matokeo ya kuwapima ubongo watu wazima waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani huo, kabla ya kuanza na baada. Waliofaulu, sehemu ya ubongo inayohifadhi ramani na kumbukumbu ilikuwa imekua. Kwa walioshindwa haikukua, wala kwa watu wengine waliopimwa kwa kulinganisha. Hao walikuwa watu wazima kama wewe.

Na hapa jirani, Kenya, Priscilla Sitienei wa Ndalat, Kaunti ya Nandi, aliingia shule ya msingi mwaka 2010, umri wake ukikaribia miaka 90. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, na baadhi ya watoto aliokaa nao darasani aliwazalisha yeye mwenyewe. Moja ya sababu alizozitoa za kutaka kujua kuandika ni kuwaachia wengine maarifa yake ya dawa za asili yasipotee. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99, bado akihesabika mwanafunzi. Namtaja huyu mama kwa sababu kwake kusoma na kutoa vilikuwa kitu kimoja. Alisoma ili aweze kutoa zaidi.

Sisi Watanzania hatupaswi hata kwenda mbali kutafuta mifano. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vya majirani vilikaa kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walioshiriki walikuwa karibu milioni mbili. Wengi wa walioongoza vikundi hivyo walikuwa watu wa kawaida tu, waliojua kusoma wakakubali kukaa na wasiojua. Wakati wa uhuru na miaka iliyofuata watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 waliobaki hawajui walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Uliza wazee wa familia yenu, huenda bibi yako alijulia herufi chini ya mwembe, akifundishwa na jirani yake.

Tuje kwenye hatua zenyewe. Sifuri ya kidato cha nne haikufungii mlango wa VETA kwa mtu mwenye ujuzi kama wako. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini. Hukai darasani upya kujifunza kushika spana. Unajiandikisha, wanakupima kwa vitendo na kwa maswali, penye upungufu unapewa mafunzo mafupi, ukifaulu unapata cheti cha ngazi uliyofikia. Kuna nyakati serikali imegharamia zoezi hili kwa mafundi, kwa hiyo swali lako la kwanza ukifika chuoni liwe: awamu inayofuata ni lini na nani analipa. Swali la pili: je, kuna kozi fupi za jioni za umeme wa magari na mifumo ya kompyuta? Hapo ndipo lile daftari la gereji linapoingia. Nenda nalo. Mpimaji akiona magari uliyoyashughulikia, yameandikwa hatua kwa hatua, anaona fundi anayefikiri, na wewe ukiulizwa hutababaika kwa sababu umekuwa ukiyaeleza kila Jumamosi.

Mtihani wa kidato cha nne unaweza kuurudia baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukitaka. Kwa sasa sikushauri uubebe pamoja na haya. Anza na cheti cha ufundi, kipo karibu na mkono wako, na mwenye cheti anaweza kuomba kazi za magari ya taasisi na mashirika ambazo leo zinakupita kwa kukosa karatasi tu.

Siwezi kukuahidi utajiri. Wapo wanaojifunza na kutoa maisha yao yote wakabaki na kipato cha kawaida, kwa sababu ya ugonjwa, kodi ya fremu, au mtaa usio na magari. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kwa kazi yako na kwa moyo ulio nao, njia hii ina nafasi kubwa kuliko kujifungia na ujuzi unaochakaa.

Kuhusu mkopo wa mashine kubwa: usiuchukue sasa. Mashine inasoma kodi, haikuambii kifaa kipi kibovu, na fundi asiyeelewa kodi atabadilisha vifaa vizima kwa fedha za mteja huku rejesho likimsubiri mwisho wa mwezi. Nunua kwanza kile kisomeo kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachozungumza na simu kwa bluetooth. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya mashine uliyoahidiwa. Kitakusomea kodi na kukuonyesha namba za sensa injini ikiwa inaunguruma. Tumia hicho mpaka umalize kozi fupi, jaza daftari, na uhesabu ni magari mangapi kwa mwezi ulilazimika kuyakataa kwa sababu kisomeo hakikutosha. Idadi hiyo ndiyo ya kuipeleka kwa mkopeshaji. Ukishafika VETA, niandikie walichokujibu kuhusu awamu na gharama, nikusaidie kupanga ratiba ya kusoma kulingana na tarehe watakayokupa.